Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mimi hutumia mkono wa kushoto, na sijawahi kuona sababu ya kuomba radhi. Nyumbani walijaribu kunigeuza, wakachoka wao. Katika karakana ya useremala ninakofanya kazi, hapa Gisenyi, hakuna aliyejali, mpaka droo zangu zilipoanza kuachama.

Siku hiyo patron wangu, mwenye karakana, alivuta droo ya tatu kati ya nne nilizokuwa nikiitengenezea hoteli ya ziwani. Akapitisha ukucha kwenye kiungo, pale mbao mbili zinapokutana, ukucha ukazama.

“We dada, ona hii nafasi. Panya inaweza kupita bila kuinama.”

“Mi nilifuata mustari, patron.”

“Donc mustari yako inakudanganya. Iko droo moja imebaki. Nayo ikiachama, utarudia msasa. Viungo nitamupa mwingine.”

Kupiga msasa ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kabla ya kuaminiwa kukata viungo. Niliumia, lakini zaidi nilikasirika, maana mkono wangu naujua. Nikachukua kisu cha kuchorea mistari, kile tunachotumia wote, nikakiegemeza kwenye rula na kukikodolea macho. Kimenolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ni bapa, na huo ndio unaotakiwa kulala kwenye rula. Kwa wenzangu wa mkono wa kulia unalala vizuri. Kwangu, upande ulionolewa ndio uliogusa rula, na ncha ikasogea pembeni kama unene wa unywele. Droo moja ina mistari mingi, na yote ilisogea hivyo.

Nikaenda kwa mchomeleaji jirani, nikamwomba kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika. Nilikinoa kwenye mashine yake taratibu, nikikichovya majini kila kilipopata joto, kwani chuma kikishageuka buluu hakishiki makali tena. Nilikinoa kinyume na kile cha karakana. Mpini nikautengeneza kwa vipande viwili vya libuyu, mbao nyekundu ya Kongo, nikavisugua mpaka vikaenea kiganjani mwangu. Kilikuwa kizuri, nasema bila aibu.

Droo ya nne niliichora kwa kisu hicho. Patasi ilikuwa ikitumbukia yenyewe kwenye mstari, na viungo vikaingiana kwa kusukuma kwa mkono, bila nyundo.

Patron akaiinua kuelekea dirishani, akitafuta mwanga kwenye viungo. Hakuuona. Akachukua kisu changu kwa mkono wake wa kulia, akachora mstari kwenye kipande cha mbao. Ukaenda pembeni.

“Hii kisu ni mubaya.”

“Ni muzuri, patron. Shika na kushoto.”

Alikigeuza geuza, asicheke. Kisha akazibeba zile droo tatu za mwanzo, akaziweka mezani kwangu.

“Bon. Bomoa hizi, uzichore tena. Mutu ya msasa nitatafuta mwingine.”

Nilifurahi mbele yake waziwazi, wala sikujificha.