Bango la Hulda Zurbuchen

Hulda Zurbuchen alikuwa mwanamke wa kusugua sakafu. Kwao Klybeck, mtaa wa viwanda vya rangi na dawa katika mji wa Basel, watu walimtambua kwa mwendo wake: alitembea polepole, kama mtu anayeyabembeleza magoti yakubali kwenda. Asubuhi alisafisha ofisi za kampuni moja ya bima karibu na stesheni. Mchana alivuka mji kwenda kusafisha chumba cha kazi cha Bwana Konrad Imhof, mchora mabango. Jioni alirudi kupika supu ya unga wa kukaanga na kumtayarishia mumewe, Gottlieb, nguo za zamu. Gottlieb alikuwa mtu wa mapipa kiwandani. Wiki za rangi nyekundu, hata leso yake ilirudi nyekundu. Ndoa yao ilikuwa ya kupishana mlangoni: mmoja akiingia na uchovu wake, mwingine anatoka na wake.

Huyo Imhof hakuwa na maneno mengi, na mabango yake yalikuwa vivyo hivyo. Miaka ile kuta za mji zilikuwa bado zimejaa wasichana wenye mashavu mekundu, ng'ombe wenye kengele, na herufi zilizojikunja kama mikia ya nguruwe. Yeye aliviondoa vyote. Akitangaza tamasha la muziki, alichora mistari michache tu. Akitangaza bustani ya wanyama, ungeona jicho la tembo na weupe mtupu. Maneno aliyaandika kwa herufi zilizonyooka, zisizo na pambo, tena ndogo zote, hata pale ambapo Kijerumani kinadai kubwa. Vijana waliosoma kwake walikwenda Zurich, wakaenda Milano na ng'ambo, wakaeneza namna ile. Hata wenye maduka wakaanza kumwiga.

"Umemwona mwenye bucha?" Bi Ottilie Schaub, jirani wa ghorofa ya chini, alimwuliza Hulda siku ya zamu yao ya kufua. "Amefuta yule nguruwe wake mzuri kwenye kibao. Sasa ameandika 'soseji' tu, kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona. Ni huyo bwana wako ndiye aliyetuletea balaa hili."

"Si bwana wangu. Mimi napiga deki kwake, basi."

"Basi mwambie weupe haulipiwi. Anauza karatasi tupu!"

Hulda alicheka, akakamua shuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda kuelekea nje. Mlango wa chuma wa ofisi ya bima ulikibana zamani, na kilipona vibaya kwa sababu hakupata nafasi ya kukipumzisha.

Vuli moja, vyama vya wafanyakazi vilimpa Imhof kazi. Wanaume wa nchi nzima walikuwa wanakwenda kupiga kura: saa za kazi za wiki zipunguzwe au zibaki. Wanaume, kwa maana wanawake wakati ule hawakuwa na kura. Imhof alihangaika nayo. Alichora saa, akaichana. Alichora moshi wa kiwanda, akauchana. Kila Hulda alipofika alikuta sakafu imejaa vipande vya karatasi, naye bwana mwenyewe amekaa macho mekundu, kahawa imepoa kando yake.

Alasiri moja Hulda alimaliza sakafu, akasimama kidogo karibu na dirisha. Hakukusudia kupumzika. Alishika mpini mrefu wa brashi kwa mkono mmoja, akainamisha kichwa, akafumba macho.

"Bi Zurbuchen," Imhof akasema nyuma yake, "tafadhali usigeuke."

"Kuna nini? Nyigu?"

"Hapana. Kaa hivyo hivyo. Naomba nikupige picha."

"Mimi? Na nywele hizi? Bwana Imhof, nenda kawapige picha wale mabinti wa duka la viatu."

"Uso siutaki. Nataka shingo tu, na mkono."

"Shingo!" Hulda alicheka bila kufungua macho. "Haya, chukua shingo. Kwa sasa haina kazi nyingine."

Kamera ikalia. Naye kwa kuwa alikuwa ameruhusiwa kutosogea, hakusogea, na baadaye alisema kwamba mwaka ule hakupata dakika tamu kama zile.

Bango lilitoka siku za ukungu. Imhof alikuwa amekata dirisha, akakata ukuta, akakata nywele na gauni. Alibakiza shingo iliyoinama, mpini uliopita mshazari kutoka pembe hadi pembe ya karatasi, na mkono ulioning'inia kwenye mpini ule. Kwingine kote kweupe. Chini kabisa, neno moja kwa herufi ndogo: inatosha. Halafu, kwa herufi ndogo zaidi: piga kura ya ndiyo.

Lilibandikwa kila mahali, kwenye nguzo za mabango, stesheni, kwenye daraja. Hulda alipita mbele yake kila siku akiwa na ndoo, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Gottlieb peke yake ndiye aliyemjua mara moja. Alirudi nyumbani, akavua kofia, akakaa.

"Nimekuona ukutani," alisema.

"Umenijuaje? Uso haupo."

"Nalala nyuma ya shingo hiyo, Hulda. Nitaacha kuijua?" Akachezea ukingo wa kofia. "Sikujua kama umechoka hivyo."

"Na wewe ungejuaje, nawe umechoka?"

Mtu wa pili kumjua alikuwa Bwana Linsenmaier, msimamizi wa ofisi ya bima. Alikuwa mtu nadhifu, mpole hata anapoudhi. Alimkuta Hulda kwenye korido amepiga magoti na kopo la nta, akasimama juu yake akiutazama mkono.

"Kidole kile cha kwenye bango ni chako, Bi Zurbuchen?"

Hulda angeweza kukana. Haikumjia akilini. "Ni changu, bwana. Kilibanwa na mlango ule pale."

"Unajua bango lile linataka nini?"

"Linataka watu wapumzike kidogo."

"Linataka kutuharibia kazi," Linsenmaier alisema bila kupandisha sauti. "Wateja wetu wanaingia hapa. Haipendezi kwamba mwanamke wa mabango ya siasa anapiga magoti kwenye korido yetu. Kwa hiyo, kama kwako imetosha, basi na kwetu imetosha. Maliza korido, halafu uache funguo kwa bawabu."

Naye Hulda akaimaliza korido. Aling'arisha mpaka pembeni, si kwa hofu wala kwa heshima. Ni kwamba mikono ilikuwa imeshaanza, na kuisimamisha kungetaka nguvu ambazo hakuwa nazo. Kisha akaacha funguo, akatoka kwenye ukungu.

Alifika kwa Imhof mapema kuliko kawaida. Alijaza ndoo, akaloweka tambara, akaanza pembe ya mlangoni. Imhof ndiye aliyeona kitu.

"Leo umewahi."

"Ile ofisi nyingine wameniachisha."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya kidole."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alisimama, akaketi tena, akashika kichwa. "Nitakwenda kuzungumza nao. Leo hii."

"Usiende. Ukienda wewe, wataniona mimi mchongezi juu ya kila kitu."

"Bi Zurbuchen, sikufikiri kuna mtu angekujua. Niliuondoa uso makusudi."

Hulda aliegemea brashi yake. Lilikuwa jambo alilotaka kuuliza tangu alipoliona bango. "Kwa nini uliuondoa? Ulikuwa mbaya?"

"La hasha. Ningeuacha uso, watu wangeona mwanamke fulani amechoka. Wangesema maskini, kisha wangepita. Mimi nilitaka wauone uchovu wenyewe, kila mmoja auone wa kwake."

"Nimefahamu," alisema Hulda. "Lakini aliyeachishwa kazi ni mwanamke fulani."

Imhof alimtazama. Alikuwa mtu aliyezoea kuondoa vitu mpaka kibaki kile kisichoondoleka, na sasa kimebaki mbele yake kimeshika ndoo. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ana rafiki katika shule ya ufundi anayetafuta mtu wa kusafisha madarasa. Hulda alisema atakwenda kuuliza. Wakarudi kazini, kila mtu na yake.

Jumapili ya kura ikafika. Kituo cha Klybeck kilikuwa kwenye shule ya watoto, hatua chache kutoka nyumbani kwao, na kilifungwa adhuhuri. Gottlieb alirudi kutoka zamu alfajiri akiwa hoi, macho yamemwingia ndani. Karatasi yake ya kura ilikuwa kabatini, karibu na mkate.

"Niamshe kabla hawajafunga," alisema. "Nina ndiyo yangu ya kuwapelekea." Akaanguka kitandani na soksi zake.

Hulda alikaa jikoni akimenya viazi. Kengele za kanisa zikalia. Wanaume wakaanza kupita barabarani na makoti yao ya Jumapili. Bi Schaub alipiga hodi kuuliza kama Gottlieb amekwisha kwenda.

"Amelala."

"Mwamshe, dada! Wangu mimi nimemsukuma kwa fagio. Mimi sina kura, lakini fagio ninalo."

"Nitamwamsha."

Akaenda chumbani. Gottlieb alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, kucha zimebaki na wekundu usiotoka kwa sabuni yoyote. Hulda aliweka mkono wake juu ya bega lake. Ilibaki kutikisa tu. Alimtazama. Kwa juma zima mtu huyu hakuwa amelala usingizi wa namna hii, usingizi usio na kugumia wala kushtuka. Pale ukutani mwa mji shingo yake yeye Hulda ilikuwa inaomba jambo moja tu, na jambo lenyewe ndilo hili lililokuwa limelala hapa.

Aliutoa mkono. Akavuta blanketi, akamfunika ule mkono ulioning'inia, akarudi kwenye viazi. Alirudi tena kuchungulia, akaondoka tena. Kisha kengele ya adhuhuri ikalia, na milango ya shule ikafungwa.

Gottlieb aliamka wakati viazi vilikuwa vimepoa.

"Saa ngapi?"

"Imepita."

Alikurupuka, akasimama katikati ya jiko na soksi zake. "Mbona hukuniamsha? Hulda! Nilikuomba!"

"Ulikuwa umelala."

"Najua nilikuwa nimelala! Ndiyo maana mtu huamshwa!"

"Nilishindwa, Gottlieb. Nilikushika bega, nikashindwa."

Alifungua kinywa amseme, kisha akamtazama vizuri, hasira ikamtoka kama hewa. Akaketi. "Kura moja ingefanya nini," akanung'unika.

"Ingekuwa ndiyo yako."

"Ingekuwa yetu sote wawili," alisema Gottlieb. "Wewe huna."

Hilo lilimchoma kuliko kelele. Jioni redio ilitangaza matokeo: nchi imekataa, tena kwa tofauti kubwa, wanaume wengi waliogopa bei zitapanda. Kura moja isingebadilisha kitu. Hulda alilijua hilo kwa hesabu, lakini kifuani halikutulia. Gottlieb hakulitaja tena kamwe. Usiku wa zamu uliofuata alimshika shingo kwa nyuma, akaiachia, akaenda zake.

Siku chache baadaye mbandikaji alipita na ndoo yake ya gundi, akafunika shingo zote kwa tangazo la chokoleti.

Bango, ajabu, halikufa. Lilishindwa kura, likashinda tuzo. Lilichapwa katika majarida ya wachora mabango, likafundishwa mashuleni, na wanafunzi kutoka Japani na Brazili walikuja Basel kumwona Imhof na kuuliza juu ya ule mpini wa mshazari. Imhof aliwajibu kwa ufupi. Mabango ya siasa hakuchora tena. Hulda alipata kazi ya shule ya ufundi, wala hakuacha kwa Imhof, mpaka macho ya bwana yule yalipofifia na chumba kikafungwa. Siku ya mwisho Imhof alimpa nakala ya bango, imekunjwa vizuri ndani ya bomba la karatasi.

"Ahsante," alisema Hulda, "lakini siwezi kulitundika. Niamke kila siku nijione nimechoka?"

Alimpelekea Bi Schaub, ambaye alilitundika sebuleni na kumwonyesha kila mgeni.

Saa za kazi zilipunguzwa baadaye, kidogo kidogo, kwa makubaliano ya viwandani, bila kelele. Gottlieb alifaidi miaka michache, mapafu yakamshinda, akafa mwezi wa mvua. Wanawake walipata kura Hulda akiwa tayari mama mtu mzima, nywele nyeupe.

Miaka hiyo makumbusho ya mji yaliweka maonyesho ya kazi za Imhof. Hulda alikwenda peke yake, siku ya kawaida, mchana, watu wachache. Alilikuta limetundikwa chumba cha pili, chini ya taa yake lenyewe. Alilitazama kwa muda mrefu, mpaka mlinzi akamsogezea kiti.

"Kaa, mama. Linachosha hilo."

Akakaa. Kilichomshangaza hakikuwa uchovu. Ile shingo ilikuwa laini, haina kunyanzi hata moja. Siku ile pale dirishani alijiona kikongwe aliyekwisha kazi. Kumbe bado alikuwa mwanamke mbichi, na hakuna aliyemwambia, wala mwenyewe hakupata nafasi ya kujitazama.

Jioni, Bi Schaub alimwuliza maonyesho yalikuwaje.

"Mazuri," alisema Hulda, akivua viatu. "Ila ngazi zao ni nyingi mno."