Huyo wa Tatu Yuko Wapi?

Jumamosi ile naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Nilikuwa nimevaa hedifoni, dirisha wazi kwa sababu ya joto, na mdomo wangu unakimbia mbele ya mkono wangu kama kawaida.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka ishirini na moja tu na wewe una kumi na sita. Lakini kwenye timu yetu ya gemu ya kompyuta mimi ni wa zamani, na wenzetu ndio walionipa jina la Mukecuru, bibi kizee. Basi kaa umsikilize bibi kizee. Umeingia timu juzi, na jana kwenye mazoezi nilikusikia unapiga kelele "huku! huku! huku!" mpaka masikio yakaniuma. Nilitaka kukukatiza palepale. Nilinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa mbaya kuliko wewe. Mechi yetu ni saa kumi, sasa ni saa nane na nusu. Nakuandikia haraka humu daftarini, nikutumie picha za kurasa zake zote, kabla sijaanza kuzunguka chumbani.

Wakati ule nilitaka kitu kimoja: nibaki kwenye timu. Tulikuwa watatu. Mimi hapa Niboye, Trésor yuko Bukavu, na Kheri, kapteni wetu, yuko Kigoma. Hatukuwa tumeonana uso kwa uso hata siku moja. Kulikuwa na mashindano ya Jumamosi tatu mfululizo, na Jumamosi ya kwanza nilikufa wa kwanza karibu kila raundi. Kheri hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole, "Dada, tukifika Jumamosi ya tatu bado uko hivi, itabidi nitafute mtu mwingine. Usinichukie."

Wiki ile sikutulia hata kidogo. Asubuhi nabadilisha kasi ya mausi, mchana naibadilisha tena. Jumatatu namuiga mchezaji mmoja niliyemwona kwenye video, Jumanne namuiga mwingine anayecheza kinyume chake kabisa. Daftari hili unalosoma nililianza wakati ule, naandika sababu ya kila kifo: mtandao. Mtandao. Jua limeingia kwenye skrini. Mtandao. Ukisoma kurasa zile utadhani mtandao ndio uliokuwa unanipiga risasi.

Na nilipiga kelele. Nilidhani nikipiga kelele sana, Kheri ataniona mtu wa maana. Tena tulikuwa tunaongea Kiswahili, maana ndicho kinachotukutanisha sisi watatu. Hapa kwenye ua wetu majirani karibu wote wanaongea Kinyarwanda, nikajiambia hakuna anayeelewa ninachosema. Nilikuwa nimemsahau Bibi Zaituni. Huyu bibi alishona nguo mtaa wa Biryogo miaka mingi, na Biryogo Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Alipoacha kushona akahamia hapa, chumba chake na changu viko ukuta mmoja.

Basi Jumamosi ya pili. Tuko kwenye ramani ile ya kijiji, unaijua, yenye nyumba tatu za ghorofa zinazofanana. Nikamwona adui anapanda ngazi.

"Iko mmoja!" nikasema. "Iko huku!"

"Huku wapi?" Kheri akauliza.

"Huku, huku! Amejificha! Iko darini! Msimwache atoke! Malizeni huyo, malizeni!"

"Mukecuru, dari gani?" Trésor naye. "Nyumba ziko tatu hapa!"

Hakumaliza kuuliza, akafa. Kheri akafuata. Mimi wa mwisho. Nikavuta hedifoni nitukane vizuri, na hapo ndipo nikasikia sinia la bati linaanguka nje.

Nikafungua mlango. Bibi Zaituni alikuwa ameketi uani anachagua mchele. Sasa sinia liko chini, mchele umetapakaa mpaka kwenye mfereji, na yeye yuko getini, kiatu mguu mmoja. Ameshika komeo kwa mikono miwili, analivuta, halifunguki, kwa sababu alikuwa analivuta upande wa kufungia.

"Bibi, unaenda wapi?"

Akageuka. "Nani iko darini?"

"Unasema?"

"Mwanangu, nani iko darini?"

"Hakuna mtu, Bibi. Ni gemu. Ni mchezo wa kompyuta."

Akawa anaangalia mdomo wangu. "Mchezo," akasema, lakini mikono haikutoka kwenye komeo.

Hedifoni zilikuwa zinaning'inia shingoni, na sauti ndogo ya Trésor, ambaye dada humwita yaya, inatoka mle ndani: "Mukecuru! Uko wapi, yaya? Inaanza!"

Sasa nakuandikia kitu ambacho nimechelewa sana kuwaambia wengine. Nilimwambia, "Ngoja kidogo Bibi, nakuja." Nikarudi kucheza. Nikamwacha pale getini na kiatu kimoja, nikaenda kucheza raundi mbili. Siikumbuki hata moja. Tulishindwa zote mbili.

Nilipotoka nilimkuta amechutama anaokota mchele punje kwa punje. Nikachutama mimi pia, nikaanza kuokota kwa mikono miwili, haraka haraka, nimalize, aibu iishe.

"Polepole," akasema. "Unaokota na mawe."

"Nisamehe, Bibi."

"Mchezo si kosa. Mjukuu wangu wa Kanombe anacheza huohuo, ananionyesha kwenye simu. Bunduki nzuri nzuri, lakini nguo za wale askari! Nani aliwashonea mabega yale?" Akacheka kidogo, mimi nikacheka zaidi ya ilivyostahili. Halafu akaacha kucheka. "Ni maneno yale, mwanangu. Wakati wa jenoside, yale mauaji ya kimbari, niliyasikia kwa Kinyarwanda. Leo umeyasema kwa Kiswahili. Ni yaleyale. Mimi ndiye niliyekuwa darini."

Sikumuuliza kitu. Hapa kwetu haulizwi mtu mambo hayo, anasema mwenyewe akitaka. Tukaendelea kuokota. Kwa mara ya kwanza wiki ile mikono yangu ikaenda polepole.

Baadaye akasema, hata hakuniangalia: "Wale waliokuwa chini walipiga kelele nyingi. Huyu anasema huku, yule anasema huku. Wakazunguka, wakazunguka, wakaondoka. Aliyekuja kunitoa ni jirani yetu, na hakupaza sauti. Alisema, 'Zaituni, ngazi iko mkono wako wa kushoto. Vidato saba. Mlango wa nyuma uko wazi. Mtu mmoja barabarani, amegeuka.' Basi. Ndani giza, sioni hata mkono wangu, nikashuka nahesabu. Mpaka leo nikishuka ngazi yoyote nahesabu."

Akapepeta kile kilichobaki kwenye sinia. "Huyo mwenzako uliyemwambia 'huku,' alikuja?"

"Hapana. Alienda nyumba nyingine."

"Sasa ulikuwa unamwambia nani?"

Siku ile daftari langu lina mstari mmoja tu. Nenda kauangalie, uko ukurasa wenye doa la chai: *Vidato saba. Mtu mmoja, amegeuka.*

Kesho yake Bibi alifunga dirisha lake. Jumatatu limefungwa. Jumanne limefungwa, na jua lile la kuchoma mabati. Nilikuwa napita mbele yake nikienda dukani, naliangalia lile dirisha, na jambo la kutolewa timu likaanza kuonekana dogo. Si kwamba halikuniuma. Liliniuma bado. Lakini dirisha liliniuma zaidi.

Nikawaambia wenzangu kuna maneno hatutayasema tena. Hakuna kumaliza, hakuna kuua, hakuna amejificha.

"Sasa sisi tutasema nini?" Trésor akauliza. "'Adui mpendwa, tunakuomba utoke'?"

Kheri alicheka mpaka akakohoa. Nikawaacha wacheke, halafu nikawaeleza habari ya Bibi, kwa kifupi. Wakanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika, na safari hii ningekuwa na haki.

"Mwambie Bibi pole," Trésor akasema. "Mwambie inatoka Bukavu."

Tukaipitia ramani nzima bila adui, tunatembea tu, tunaipa kila pembe jina. Ule uwanja wenye masanduku, ambao huvuki bila kugongwa bega, tukauita Nyabugogo, kama stendi yetu ya mabasi. Paa ambalo watu wanaruka kutoka hapo tukaliita Kanombe, kwa sababu ya uwanja wa ndege ulioko kule. Ule uchochoro mwembamba Kheri akauita Kwa Mama Mkwe, alisema pale unaingia kwa adabu. Sasa unajua majina yale yalitoka wapi. Jana ulisema ni ya kijinga.

Kubadilisha kasi ya mausi niliacha. Niliweka kasi moja, nikamwambia dada yangu aniandikie namba ile kwenye karatasi na aifiche, ili hata nikiibadilisha kwa hasira anirudishe kwenye ileile. Kwenye daftari niliacha kuandika sababu. Nikawa naangalia rekodi ya kila kifo, naandika nilichokijua ambacho sikukisema. *Nilimwona, sikusema. Nilisikia nyayo nyuma ya ukuta, nikasema huku. Nilijua wako wawili, nikasema mmoja.* Nilitaka kulia. Karibu nusu ya vifo vyetu vilikuwa vimetoka kinywani mwangu.

Na nikafanya mazoezi barabarani, maana kukaa siwezi. Nikienda dukani nanong'ona: "Wawili, kibandani, kulia, wameketi. Mmoja, pikipiki, anakuja, mbali." Mama anayeuza parachichi akaniuliza, "Sha mwanangu, unasali?" Nikamwambia karibu hivyo.

Jumamosi ya tatu, kabla ya mechi, nikabisha kwa Bibi.

"Bibi, leo nacheza. Nimekuja kukuambia nitafunga dirisha."

"Joto hili? Utaiva humo ndani." Akaliangalia dirisha lake. "Yale maneno?"

"Tumeyaacha."

"Acha wazi nisikie."

Nikarudi chumbani. Huko nyuma ya ukuta nikasikia dirisha lake linasukumwa, limekaza kwa kufungwa wiki nzima.

Sitakusimulia mechi yote. Mpaka raundi ya mwisho tulikuwa sawa na wapinzani. Sauti yangu iko chini, hata mimi naishangaa.

"Watatu, Nyabugogo. Wawili kwenye masanduku, kushoto. Wanatembea."

"Nimesikia," Kheri akasema. Trésor alienda tu, na alienda mahali penyewe. Nikaanza kuwafuata, macho yote kwenye yale masanduku.

Ndipo sauti ikaingia dirishani, sauti ya mtu aliyezoea kugombana na wateja wanaosema nguo inabana:

"Josiane! Umesema watatu! Umetaja wawili! Huyo wa tatu yuko wapi?"

Nikageuka. Alikuwa Kwa Mama Mkwe, hatua chache nyuma yangu, anatembea taratibu, ananijia mgongoni. Nilimwahi.

Raundi ilipoisha, tumeshinda, Kheri akauliza, "Nani huyo ameongea?"

"Jirani yangu."

"Muulize kama ana nafasi Jumamosi ijayo."

Mashindano hatukuyachukua, tulitolewa mechi iliyofuata na watu waliotuzidi kwa kila kitu. Lakini Kheri hakutafuta mtu mwingine. Na Bibi Zaituni, kila Jumamosi, anahamishia kigoda chake chini ya dirisha langu na mchele wake. Hajui mausi ni nini. Anahesabu tu.

Sasa mwanangu, saa tisa na dakika kumi, nimeshazunguka chumba mara mbili. Nikuambie ninachotaka kabla sijaweka kalamu.

Chagua kasi moja ya mausi na uiache, hata ukikasirika, hasa ukikasirika. Shikilia alama yako ya kulengea pale kichwa cha mtu kitakapotokea, si chini kwenye sakafu, mimi nilizoea kulenga sakafu kama natafuta sindano. Tembea, usikimbie kila mahali, ili usikie nyayo za wengine. Angalia rekodi za vifo vyako wewe mwenyewe, zinachosha na zinauma, na ndizo zinazofundisha. Na ukiandika "mtandao" mara tatu mfululizo, funga daftari, kunywa maji.

Lakini ukisahau hayo yote, usisahau hili. "Huku" unaiona wewe peke yako. Mwenzako yuko mahali pengine, hana macho yako, anashuka ngazi gizani. Mpe idadi, mahali, mkono upi, na anafanya nini. Taja wote uliowaona, hata yule uliyempoteza, sema umempoteza. Na chagua maneno ambayo ungeweza kuyasema dirisha likiwa wazi, maana hujui nani ameketi upande wa pili wa ukuta na nini kilimpata.

Mungu akupe mkono uliotulia kuliko wangu na masikio yasiyochoka. Wenzako wafike kila unapowaelekeza. Na popote utakapohamia, akujalie jirani asiyefunga dirisha unapoanza kucheza.

Ingia kabla ya saa kumi. Bibi ameshatoa kigoda.