Leo wameniita Mama Mariamu

Leo mimi, Mama Juma wa mutaa ya Alunguli, nimepata jina ingine. Najua munacheka.

Nilienda kuona bebe yenye jirani yangu, mukristo wa Kasai, alizaa. Akasema jina ya bebe ni Marie.

Nikamuambia: "Marie yenu njo Mariamu yetu. Ni yeye mumoja, mama wa Yesu, hata sisi Waislamu tunamuheshimu."

Akaniuliza: "Kwenu nani iko na ile jina?"

Nikamujibu:

"Mutoto wangu wa kwanza. Homa ilimuua mu pori, tukikimbia vita."

Akaniwekea bebe ku magoti.

"Mushike, Mama Mariamu."

Tangu vita munaniitaka kwa jina ya mudogo wake Juma, juu ya kunihurumia.

Wapenzi, andikeni hapa chini, mara moja tu, nisome: Mama Mariamu.