Keki ya Siku za Kufunga

Kanisa la dada yangu linafunga siku arobaini kabla ya Pasaka, na hawafungi kwa mzaha. Nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana, hata siagi ya kupaka mkate hapana. Mimi niliolewa kwa watu wa kanisa lingine, ambako Kwaresima ni kuacha sukari ukiweza na kuomba msamaha ukishindwa. Nasema haya mapema ili nisije nikaonekana mtu ambaye hakujua. Nilijua.

Miaka miwili iliyopita siku yake ya kuzaliwa iliangukia katikati ya mfungo, nami nikampelekea keki kwake Giakanja. Akala kipande kimoja, akaongeza cha pili. Akaniuliza, "Kwani umefanya nini mpaka ikakuwa laini hivi?" Na mimi, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa, nikamjibu, "Mayai sita, dada. Na maziwa ya ng'ombe wetu."

Hakunipigia kelele. Aliinuka, akatoka hadi kwenye mfereji wa maji pale nje, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Wanawake wa kikundi chake waliokuwa sebuleni waliangalia vikombe vyao. Tangu siku hiyo, akija kwangu Gatitu, awe amefunga au hajafunga, husema ameshiba. Hata maji huja na yake kwenye chupa.

Watu wakiniuliza, nimekuwa nikisema nilisahau. Lakini asubuhi ile, nilipovunja yai la kwanza, nilikumbuka. Nikajiambia keki ni keki, Mungu hana kazi ya kuhesabu mayai. Kwa hiyo kusahau kwangu kulikuwa nusu. Ile nusu nyingine sijui niiite nini.

Mwaka huu alikuwa anatimiza sabini, na siku ikawa ndani ya mfungo tena. Nilitaka nimpikie keki ambayo angeila kutoka mkononi mwangu bila kuuliza. Hilo tu ndilo nililotaka. Binti yangu anayefanya kazi Nairobi alinitumia kwenye simu maelezo ya keki ya viungo, matunda makavu na njugu, isiyo na kitu chochote cha mnyama. Yalikuwa ya Kiingereza, na mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Nilikaa na penseli siku mbili nikiyanakili polepole kwa daftari. Ndizi mbivu zinachukua mahali pa mayai. Siki na soda ya keki zikikutana zinatoa povu, na povu hilo ndilo linaloinua unga. Matunda yalowekwe katika chai isiyo na maziwa, yalale humo mpaka asubuhi. Mstari huo niliupigia mistari miwili chini.

Tende na viungo nilivifuata mjini Nyeri, kwa mzee mmoja mwenye duka karibu na msikiti. Alinipimia mdalasini, tangawizi kavu, iliki na karafuu chache, kila kimoja kwa karatasi yake.

"Mama, wapika biriani au wapika harusi?"

"Keki ya mtu amefunga."

"Eh! Basi utie samli kidogo, itanukia mpaka barabarani."

"Samli si ni ya ng'ombe?"

"Ni ya ng'ombe, lakini imeshaiva, mama. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuitambua."

Nikakataa. Akacheka, akaniongezea zabibu kiganja kimoja, akaniambia huyo mtu aliyefunga ana bahati kuwa na mlinzi kama mimi. Nilitembea kutoka pale nikijisikia mlinzi kweli. Nikasoma kila kibandiko cha kila kitu nilichonunua. Majarini niliirudisha rafu kwa sababu kwa maandishi madogo sana walikuwa wametaja maziwa. Nikachukua mafuta ya alizeti.

Ijumaa mchana nilipika strungi nzito, ile chai isiyo na maziwa, nikaimimina juu ya tende na zabibu ndani ya bakuli kubwa, nikafunika kwa kitambaa na kuliacha mezani. Halafu nikatoka nje kuvunja makadamia. Mti wetu ni mmoja tu, lakini huzaa kama unalipwa, na ganda lake ni gumu kuliko moyo wa karani. Unaiweka njugu kwenye shimo la jiwe, unaigonga mara moja kwa nyundo, na ukikosea inaruka mpaka kwa jirani. Nilikosea mara nyingi. Sikuwa nimetulia tangu asubuhi. Nagonga tatu, nanyanyuka, naenda kuangalia mlima kama una mawingu, narudi, nagonga mbili, nanyanyuka tena.

Jumamosi nikaamka mapema. Nilipofunua bakuli niliona yale maji yamegeuka kahawia ya matope. Nikasema ni tende zimeyeyuka. Sikuonja. Nikaponda ndizi, nikachanganya unga, viungo, makadamia, mafuta na sukari, nikamimina matunda pamoja na maji yake yote, nikamalizia kwa siki na soda. Mimi huoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkebe wa mkate ukae juu ya mchanga, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Haikupita nusu saa nyumba ikawa inanukia kama duka la yule mzee.

Mume wangu aliingia kutoka zizini, akavua gambuti mlangoni.

"Mama watoto, ile chai yako ya matunda ilikuwa aje? Naona uliimaliza yote."

"Chai gani?"

"Ya bakuli."

"Hiyo haikuwa ya kunywa, baba. Nimeweka kwa keki."

"Sawa. Basi keki itakuwa na nguvu. Niliweka kikombe mzima."

"Kikombe ya nini?"

"Ya maziwa. Kwani ya nini?"

Nilikaa chini. Yeye bado alikuwa anatabasamu, akingoja asante.

"Jioni nilikuta strungi kwa meza," akasema. "Nikasema, huyu mama anajua ng'ombe amepunguza, anaogopa kuniambia maziwa imeisha, sasa anajikunywia strungi na matunda kama mtu wa hospitali. Nikarudi nikakamua ile kidogo imebaki."

Hapa lazima niwe wa haki. Kwetu, miaka thelathini na moja, mimi huweka majani na yeye huweka maziwa. Ndivyo chai ya nyumba hii inavyopikwa. Naacha sufuria, naenda zangu, na yeye akitoka kukamua anaimalizia. Chai nyeusi katika nyumba yenye ng'ombe ni kama kumwambia mwenye ng'ombe ameshindwa. Alifanya kile ambacho angefanya siku yoyote, tena kwa huruma. Na kwa nini hakujua keki ni ya nani? Kwa sababu sikumwambia. Nilikuwa nimeona haya. Nilidhani ikiharibika tena, angalau iharibike bila mtu kujua nilikuwa najaribu. Kwa hiyo yeye alimimina, lakini mlango niliuacha wazi mimi.

Nilipomwambia keki ilikuwa ya nani, tabasamu lilimtoka. Halafu akatafuta pa kutokea.

"Kikombe moja kwa keki yote hiyo? Hata paka haiwezi kujua."

"Mungu anajua."

"Mungu si alikuona siku ya mayai akanyamaza?"

"Alinyamaza. Dada hakunyamaza."

"Dada yako pia alinyamaza. Hiyo ndiyo inakusumbua."

Niliinuka nikaokota maganda ya ndizi, kwa sababu alikuwa amesema kweli na sikutaka kumpa ushindi.

Saa nne keki ilitoka. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Ilikuwa nzuri kuliko keki yoyote niliyowahi kuoka. Ilipasuka juu katikati, makadamia zikachungulia kwenye ufa, na pembeni tende zilikuwa zimeng'aa. Wageni walikuwa wanangojewa kwa dada saa tisa. Nilizunguka meza ile. Nilishika simu nimpigie dada, nikaiweka. Nikaishika tena. Ningemwambia nini, kwamba nimejaribu kutokuweka maziwa nikaweka maziwa? Nilijiambia keki ni keki, Mungu hana kazi ya kuhesabu vikombe vya maziwa, na dada asipojua hajavunja mfungo. Kisha nikakumbuka kwamba hayo ndiyo maneno niliyojiambia nikiwa na yai mkononi, karibu yote, kwa mpangilio ule ule.

Nikachochea makaa.

Tende zilikuwa zimebaki kumi na moja, zabibu kiganja kile cha nyongeza, ndizi moja iliyoiva vibaya, na makadamia nyingi. Nilichemsha strungi, nikamwambia mume wangu akae nje, na alikaa nje kweli, kwenye kigoda, kama mtu aliyefukuzwa na polisi. Matunda hayakulala mpaka asubuhi, yalilowa nusu saa. Nikachanganya haraka, nikamimina ndani ya mkebe ule ule nilioosha kwa maji ya moto. Na sasa ikaja hasara ya kutotulia. Keki haitaki kufunuliwa kabla ya wakati wake, hilo hata mtoto anajua. Niliifunua mara tatu. Mara ya tatu niliiona ikishuka katikati mbele ya macho yangu, polepole, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu.

Niliifunga ile ya pili, ile iliyozama, kwa kitambaa safi, nikapanda pikipiki. Nzuri niliiacha mezani. Tulipopita mjini tukielekea Giakanja, upepo ukinipiga usoni, ndipo nilipoukumbuka mwiko. Mwiko wangu ni wa mti na una ufa karibu na ncha. Unga wa keki ya kwanza uliingia kwenye ufa ule, lazima uliingia. Mkebe nakumbuka nikiuosha. Bakuli nakumbuka. Mwiko nilijaribu kuuona mkononi mwangu chini ya maji ya moto na sikuuona. Niliuona tu kwenye keki ya kwanza, halafu kwenye ya pili. Nilitaka kumwambia mwenye pikipiki ageuze. Sikusema. Mpaka leo sijui kama ni ujasiri au ni kwamba nilikuwa nimeshalipa nauli.

Dada alinipokea mlangoni. Nyuma yake niliona wale wanawake wa kikundi, karibu wote ni wale wale.

"Umekuja, wewe kitinda mimba. Ingia, mguu wako umejaa vumbi."

"Nimekuletea keki, dada."

Wale wanawake wakaangalia tena vikombe vyao. Mmoja akakohoa. Dada aliichukua kwa mikono miwili, kwa heshima, akaifunua, akaliangalia lile bonde katikati.

"Hii ililaliwa na nani?"

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Kisha nikamwambia tutoke kidogo, tukasimama pale pale karibu na mfereji. Nilimtajia kilichomo kimoja kimoja, kama mtu anayesoma majina ya darasa. Nikamwambia juu ya ile nzuri iliyobaki nyumbani na kikombe cha maziwa. Nikamwambia juu ya mwiko.

"Sikumbuki kama niliuosha," nikasema. "Siwezi kuapa."

"Labda uliosha."

"Labda."

"Na yale mayai ya ile mwaka? Ulisahau kweli?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali la mwiko, si kwa hilo. Mfereji ulikuwa unadondoka.

"Nusu," nikasema.

Alikaza mfereji, akaniangalia. Dada yangu ana macho ya mama yetu, hayapepesi.

"Ingekuwa ni wewe umefunga," akasema, "hii ungekula?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenipa nafasi, naona sasa, na labda alitaka niichukue. Lakini niliufikiria ule ufa.

"Singekula."

Akaanza kucheka. Si kicheko cha kunidharau, ila si cha furaha tu pia. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka kubeba kitu na bado hajapata pa kukiweka. "Wewe!" akasema. "Unatoka Gatitu na pikipiki, unaniletea keki, halafu unaniambia nisikule!"

Akairudisha ndani. Aliifunga tena kwa kile kitambaa changu, akafungua kabati la vyombo vya wageni, akaiweka rafu ya juu, nyuma ya vikombe vyenye maua. Akawaambia wenzake, "Hii inangojea Pasaka. Huyu atarudi tuikate na yeye." Kisha akanigeukia. "Na ile ya maziwa mbakishe kipande, usimwachie bwana yako yote."

Akanimiminia strungi. Niliinywa. Yeye pia alikunywa, lakini kutoka birika lake, na maji yake, nyumbani kwake. Hakula kitu changu siku hiyo. Nimejaribu kulihesabu hilo kuwa msamaha na nimejaribu kulihesabu kuwa kukataliwa kwa adabu, na kila njia inabakiza kitu ambacho hakiingii humo. Keki kavu ya matunda hukaa siku nyingi bila kuharibika, hilo ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba kabatini humo kuna vitu vilivyowekwa vikasahaulika.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa amekata kipande kimoja tu cha ile nzuri, chembamba, na kuifunika iliyobaki. Akaniuliza, "Amekula?"

"Ameiweka."

"Kuiweka si kuitupa."

Nikavua viatu. Nikachemsha maji, nikautafuta mwiko. Nikauosha, nikaupitisha kisu ndani ya ule ufa, nikauosha tena, nikauegemeza dirishani ukauke. Kisha nikarudi nikaunusa.