Macho Mekundu ya Serafina

Serafina, jirani yangu wa Kharumwa, alipikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote, maana miti ilishafyekwa zamani ili mbung'o wafe, na kuni hatukuwa nazo. Moshi ukamwachia macho mekundu. Mwaka 1974 surua ilipomuua mtoto wa Eustace, watu wakasema kaliwa na Serafina, mchawi huonekana kwa macho mekundu, ya kwake si hayo, na panga linamngoja.

Mganga wa zahanati akaja kuwaeleza kwamba ni moshi tu. Eustace akamcheka. "Bwana mganga, hayo ni ya Wazungu. Macho ya Kisukuma ni mengine."

Nikamwambia Eustace, "Baba Selestine, juzi ulipanga foleni uchomwe sindano ya Wazungu. Makalio yako nayo ni ya wapi?"

Watu walicheka, yeye akanuna, lakini panga halikuondoka. Serafina alifungasha sufuria zake akahamia kwa kaka yake Kolandoto, akafia huko. Shamba lake wakagawana wale wale waliomtishia panga.

Sasa nikimsikia msomi akisema watu wa huku tuliikataa sayansi, damu inanichemka. Sindano waliipokea, mbolea waliipokea. Waliyoikataa ni ile iliyomtetea bibi kizee mwenye shamba.