Miguuni pa Mzee Chumvi

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa na mtoto mmoja tu maishani, na mtoto huyo alikuwa mpangaji. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alijifunga kitambaa kichwani, akachukua kidumu cha maji na ufagio wa mkono, na ukimuuliza anakwenda wapi alijibu, "Nakwenda kumsalimia mwenye nyumba wa mwanangu." Wageni walicheka. Sisi wa nyumbani tulinyamaza, maana tulijua mwenye nyumba huyo ni marehemu, na mpangaji pia.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa alfajiri, jioni akawa hayupo. Siku zile makaburi ya zamani yaliyo katikati ya jiji yalikuwa yameshajaa. Yalibanwa na benki upande huu na stendi ya mabasi upande ule, na waliozikwa humo walikuwa watu wa koo zenye viwanja vyao vya tangu enzi. Lakini wachimbaji wa pale walikuwa na desturi yao. Kichanga hakikuchimbiwa shimo lake. Walingoja mpaka kaburi la ukoo fulani lifunguliwe kwa ajili ya mtu mzima, na kabla ya kulifukia walimlaza kichanga miguuni pake, kwa kuwa waliona si vizuri kiumbe mdogo namna ile alale peke yake. Wenye kaburi waliombwa, wakakubali, na wengi wao baadaye wakasahau.

Aliyempeleka ni Baba Mkubwa, mumewe. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache mno. Ukimsalimia asubuhi ungeweza kupata jibu mchana. Aliporudi alimwambia mkewe, "Nimemlaza miguuni pa mfanyabiashara mmoja wa chumvi. Jiwe lake limeshaletwa, jeupe, kubwa. Hutalikosa." Basi. Hakulizungumza tena jambo hilo, na makaburini hakurudi.

Kuna kitu ambacho Mama Mkubwa alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunakunja nguo. Karakana ya mumewe ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba chao cha kulala. Siku ile alilala kitandani, maziwa yanamtoka na hayana wa kuyanywa, akategea sikio nyundo. Alijua mtoto anahitaji sanduku, na sanduku hupigwa misumari. Hakusikia hata pigo moja.

"Nikajua kamfunga kwenye shuka tu, kama mzigo wa sokoni," aliniambia. "Mtaa mzima kawatengenezea makabati. Wa kwake mwenyewe akamkosesha ubao."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Masikio ninayo."

Akaishi naye, akampikia, akamuuguza, mwisho akamzika kwenye makaburi mapya nje ya jiji, na kinyongo kile akakibana kifuani muda wote. Mimi nilimpenda sana Baba Mkubwa. Utotoni nilikuwa nikimtania kwa sababu ya skrubu zake. Kila kitu alichokitengeneza, kuanzia kabati la vyombo hadi kigoda cha jikoni, skrubu zake zilikazwa mpaka mifereji ya vichwa vyote ikalala upande mmoja, kama watu waliopangwa mstari. Nilimwambia hakuna mtu anayeangalia mambo hayo. Akanijibu, baada ya muda wake wa kawaida, "Mimi naangalia." Mtu wa namna hiyo kumnyima mwanawe sanduku hakuniingia akilini, lakini ningesema nini? Sikuwepo.

Kazi ya Mama Mkubwa ilikuwa kufua hospitalini, katika chumba cha chini chenye mvuke usioisha. Alizeeka akipiga pasi mashuka, yakiwemo ya wodi ya wazazi na yale madogo ya vitanda vya watoto. Wenzake walijitolea kumpunguzia hayo madogo. Alikataa. Alisema hakuna anayejua kuyakunja kama yeye, na kweli hakuna aliyejua. Kazi hiyo ilimharibu mgongo. Ndiyo maana alipofika kaburini, baada ya kufagia na kumwagia maji maua aliyoyapanda, aliketi chini na kuegemea lile jiwe jeupe. Uso aliuelekeza upande wa pili wa kaburi, kule yalikokuwa maua, kwa sababu jiwe liko kichwani na miguu iko mwisho wa pili. Hapo alizungumza na mwanawe. Alimpa habari za nyumbani, akawasengenya majirani, na akiona hakuna mtu karibu alimwimbia.

Kisha ikaja habari ya barabara. Upande mzima wa makaburi ulitakiwa kupisha njia mpya, na tangazo likabandikwa ukutani: wenye ndugu zao waje wawachukue, na wasio na wa kuwachukua watahamishiwa katika shimo moja la pamoja. Mama Mkubwa alilisoma akiwa amesimama, ufagio mkononi. Hakulia. Jioni alikuja saluni kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja akijitazama kwenye kioo.

"Mzee wa watu watamchukua wajukuu zake," alisema. "Mwanangu je? Nani anajua yupo? Mimi tu. Nikifa kesho, hajawahi kuzaliwa."

"Hufi kesho, Mama Mkubwa."

"Nataka nimlaze ubavuni kwa baba yake. Na mimi nije nilale upande wa pili. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Baada ya hapo mniite mchawi mkipenda."

Niliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nikamshika mikono. Mikono yake ilikuwa laini ajabu, sabuni ilishazifuta hata alama za vidole. Nilienda naye ofisi inayohusika, na huko nikagombana na kila aliyekuwa na meza. Kijana mmoja aliniuliza kama tuna ushahidi kwamba huyo mtoto alikuwepo. Nilimwambia ushahidi ni huyu aliyekaa hapa, kama ana shaka amtazame. Nadhani walituruhusu ili niondoke.

Siku ya kazi tulifika asubuhi. Wachimbaji walikuwa wamezungushia mabati, mavumbi kila mahali, honi za stendi zikilia ng'ambo ya ukuta kana kwamba hakuna kinachotokea. Mjukuu wa Mzee Chumvi, ndivyo tulivyomwita nyumbani yule mfanyabiashara, alishafika, mwanamke mtu mzima mwenye miwani minene, amevaa viatu vizuri ambavyo havikustahili matope yale. Alimtazama Mama Mkubwa kwa muda.

"Samahani, dada," alisema. "Ni wewe unayekuja hapa kila Jumapili?"

"Ni mimi."

"Mlinzi wa hapa alituambia zamani kuna mwanamke anamlilia babu na kumpandia maua. Nyumbani kulikuwa na vita! Tulidhani babu alikuwa na mwingine."

Mama Mkubwa akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada yangu, babu yako sikupata kumwona hata kwa picha. Mimi ni mama wa mpangaji wake." Akamweleza yote. Yule mjukuu alivua miwani akaifuta, akairudisha, akaivua tena. Alisema angeona fahari mtoto achimbuliwe kwanza, kabla ya babu yake. Nilimpenda papo hapo, viatu na yote.

Msimamizi wa wachimbaji, mtu mpole mwenye sauti ya mafua, alitutahadharisha. Mifupa ya kichanga ni laini, alisema, na udongo wa hapa una unyevu. Tusijipe matumaini makubwa. Mama Mkubwa alionyesha kwa kidole pale penye maua yake. Yeye mwenyewe aliyang'oa, shina kwa shina, akayaweka pembeni kwenye mfuko wenye udongo. Wakaanza kuchimba taratibu.

Walichimba mpaka msimamizi akainua mkono. Alishuka shimoni, akachutama, akafagia kwa brashi ndogo. Kisha akatazama juu, si kwetu, bali kwa yule mjukuu.

"Mama, hiki ni kichwa cha mtu mzima. Babu yenu kalala kichwa huku."

"Ndiyo, huko ndiko," alisema mjukuu. "Kwetu jiwe huwekwa miguuni. Wazee walisema mtu akiinuka aone jina lake mbele yake, asipotee."

Mama Mkubwa alilitazama shimo, akalitazama jiwe, akalitazama tena shimo. Alijiketisha juu ya rundo la udongo, pole pole, kama anayeketi kwenye kiti cha mtu mwingine.

"Kumbe," alisema, "siku zote hizo nilikuwa namwimbia mzee wa watu masikioni."

Mchimbaji mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na Mama Mkubwa akacheka naye. Akaongeza kwamba maskini mzee, umbea wote wa mtaa wetu aliusikia yeye na hakuwa na wa kumhadithia. Tukacheka sote, hata mjukuu. Halafu kicheko cha Mama Mkubwa kikakatika. Aliweka kiganja mdomoni.

"Na mwanangu nilimpa mgongo," alisema. "Nilikuwa nakuja mpaka hapa, naketi, nampa mgongo."

Nilisimama pale na hasira tele, nisijue nimkasirikie nani: wazee wa chumvi na jiwe lao, au Baba Mkubwa aliyesema miguuni bila kusema miguu iko wapi. Alidhani kila mtu ataona alichokiona yeye. Alikuwa amesimama pale wakati marehemu anateremshwa, alijua kichwa kiko wapi. Mkewe hakuwepo.

Waliling'oa jiwe kwa nyenzo, wakalilaza pembeni. Pale chini yake, pale alipozoea kuegemea, wakaanza upya, safari hii kwa mwiko tu. Msimamizi alitoa udongo kiganja kwa kiganja. Mifupa haikuwepo, au kama ilikuwepo ilishakuwa udongo mweusi kidogo kuliko mwingine. Niliona bega la Mama Mkubwa linashuka. Kisha mwiko ukagonga kitu.

Kilikuwa kipande cha ubao, mbao ngumu, kimeliwa kingo lakini kimebaki kizima katikati. Kilikuwa kifupi sana. Msimamizi alikisafisha kwa brashi akampa mjukuu, mjukuu akampa Mama Mkubwa kwa mikono miwili. Juu ya ubao kulikuwa na skrubu za shaba, zimeshika kutu ya kijani, ziko mstari mmoja. Mifereji yake yote ilikuwa imelala upande mmoja.

Mama Mkubwa alipitisha kidole juu ya skrubu ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda mpaka mwisho, akarudi. Mimi nilikwisha kuelewa na machozi yalikuwa yananitiririka shingoni.

"Hakupiga msumari hata mmoja," alisema mwishowe. "Alikaza kwa bisibisi. Zote kwa mkono. Hakutaka nisikie."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Na mimi nikamnunia mpaka anakufa." Aliubana ubao kifuani. "Baba wee. Si ungesema? Kwa nini hukusema, mume wangu?" Alilia kwa sauti, bila kujificha, na wale wachimbaji wakavua kofia zao wakageukia ukutani. Mjukuu wa Mzee Chumvi aliketi naye kwenye rundo la udongo na viatu vyake vizuri, akamshika bega. Mama Mkubwa alimlilia mumewe siku ile kuliko alivyomlilia siku ya kumzika.

Ofisi ilikuwa imetoa kisanduku kipya. Waliweka humo ule ubao, na udongo wote mweusi uliokuwa umeuzunguka, na msimamizi akakifunga akanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa na nguvu zaidi. Gari lilikuwa linatungoja nje. Nilianza kutembea.

"Lete hapa," alisema Mama Mkubwa.

"Ni kizito, nitakibeba."

"Mwanangu utambebaje wewe nami nipo?" Alifungua mkoba wake akatoa shuka jeupe, lililopigwa pasi na kukunjwa kwa mikunjo ile ya hospitali. "Nifunge mgongoni."

"Mama Mkubwa, na mgongo wako huo—"

"Nifunge, nimesema."

Aliinama, mkono mmoja kwenye goti, kama wanavyoinama wote wenye watoto. Nilikilaza kisanduku mgongoni mwake, nikalitandaza shuka juu yake, naye akazivuta ncha kupitia chini ya kwapa na juu ya bega akafunga fundo kifuani. Mikono yake haikusita popote. Mjukuu alituokotea mfuko wa maua akatukabidhi, akabaki kumngoja babu yake.

Tulitembea katikati ya makaburi yaliyofunguliwa na ambayo bado, polepole, mimi nikiwa nyuma nimetanguliza mikono endapo angejikwaa. Hakujikwaa. Alipofika getini alisimama, akainama tena kidogo, akajitikisa mara moja kumpandisha mtoto akae vizuri, kisha akatoka naye nje.