Vikombe vya Jogoo wa Buluu

Hortense alipoviona vile vikombe vya jogoo wa buluu katika nyumba ya tatu asubuhi ileile, alijua anachezewa. Kazi yake mjini Elisabethville ilikuwa kuzungukia nyumba za mtaa, kutoa zawadi kwa nyumba safi na kuwarudisha shuleni watoto waliotoroka. Watu walimwita Mama Sosiali. Yeye akipita barabarani, vyombo vizuri vilimtangulia nyumba hadi nyumba kwa njia ya uani.

Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni Feza, msichana wa miaka tisa, hodari wa hesabu. Mkuu wa shule alikwisha sema: asipoonekana darasani Ijumaa, nafasi yake atapewa mwingine.

Nyumba hiyo ya tatu ilikuwa ya bibi yake Feza, Mama Alima, muuza samaki. Vikombe vilikuwa bado vinachuruzika maji.

"Feza iko wapi, mama?"

"Iko Kasenga, kwa mujomba yake."

"Alipita wapi? Tangu Katanga ijiite inchi, askari wamefunga njia ya Kasenga."

"Mutoto mwembamba," Alima akasema bila kupepesa. "Anapita."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba mdomo. Sasa Hortense alimjua mkimbizaji wa vikombe: ni Feza. Lakini akivuta pazia leo, kesho mtoto atafichwa mbali zaidi. Akanywa chai yake.

"Vikombe vizuri sana. Ijumaa asubuhi wamama watakunywa chai kule kwa masomo. Direkta wa masomo naye iko. Utatuletea?"

Alima akavimba kwa fahari. "Yote sita!"

Ijumaa Alima aliingia darasani mikono mitupu, kitenge kipya kikichakarisha kiunoni. Nyuma yake, sinia la vikombe kichwani, Feza.

"Kasenga imefika!" akapiga kelele Mwansa, jirani yake Alima. Wamama wakaangua kicheko. Feza akatua sinia, akaketi kwenye dawati lake, na mkuu wa shule akatia alama daftarini.

"Umeniibia mutoto!" Alima akamwambia Hortense.

"Niliomba vikombe, mama. Mutoto umemuleta wewe."

Alima akanywea. "Na mizani yangu ya samaki? Macho yangu haioni tena namba."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli wiki hiyo.

"Asubuhi Mwansa atakusomea. Macho yake inaona mpaka ndani ya sufuria za jirani. Muchana Feza ni wako."

Alima akawaza. "Na ukija kutazama nyumba, vikombe nani atabeba?"

"Nitakuja muchana," akasema Hortense.